Kuridhika si Kukata Tamaa: Tafakuri ya Mtu Mzima Mbele ya Sinema za Kale

Katika lugha yetu limo neno ambalo sisi walimu hulifundisha mapema sana, kisha tukalisahau. Neno hilo ni mtu mzima. Mwanafunzi huambiwa kwamba maana yake ni mtu aliyevuka utoto, basi, somo likaendelea. Lakini kivumishi -zima ndicho hicho hicho tunachokitumia kwa chungu ambacho hakikuvunjika, kwa mkate ambao haukumegwa, na kwa mgonjwa aliyepona. Kwa mujibu wa lugha, basi, binadamu hazaliwi akiwa mzima; uzima wake hukamilika polepole, mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo, lugha hiyo hiyo yatuambia kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Hapo pana sauti mbili zinazopingana. Ya kwanza yasema kuzeeka ni kukamilika. Ya pili yasema kuzeeka ni kupungukiwa.

Mimi nimekwisha kuvuka miaka 60, na kwa hiyo ubishi huo kwangu si wa darasani tu. Nataka kuuliza mambo mawili. Je, furaha ya mtu hupungua kadiri umri wake unavyosogea, au hubadilika sura tu? Tena, mzee anaposema kwamba ameridhika, tutajuaje kwamba hakukata tamaa, akaipa hali hiyo jina zuri ili asione haya?

Kabla ya kwenda mbali inafaa tupambanue maneno. Raha ni ya mwili na ya saa: maji baridi wakati wa jua kali, kiti baada ya safari ndefu. Furaha ni ya moyo. Nayo huja kwa sababu fulani na huweza kuondoka pamoja na sababu hiyo. Heri ni pana zaidi, kwani ndani yake mna wema. Ndiyo maana tunamtakia mtu heri, wala hatumtakii raha ya saa moja. Kuridhika ni kulikubali fungu ulilopewa bila ya kinyongo. Kisha liko neno kukinai, ambalo lina hatari ndani yake. Mwenye kukinai ni mtu anayetosheka na kidogo. Lakini pia husemwa kwamba fulani amekikinai chakula, yaani kimemchosha hata hakitaki tena. Neno moja limebeba utoshelevu na uchovu pamoja. Lugha, kama shahidi mwaminifu, yatuonya kwamba mambo hayo mawili hufanana mno kwa nje.

Swali hili ningeweza kulijadili kwa njia ya vitabu, maana tangu Cicero wa Roma alipoandika juu ya uzee mwaka 44 kabla ya Kristo, vitabu havikukosekana. Lakini nimechagua kulijadili kwa njia ya sinema chache za kale, na sababu yangu ni hii. Tusomapo hadithi, nyuso za wahusika tunaziumba wenyewe, nasi tunapozeeka nyuso hizo huzeeka pamoja nasi bila ya sisi kujua. Sinema haifanyi hivyo. Uso ulionaswa na kamera mwaka 1953 ungali vile vile ulivyokuwa, ingawa mwenyewe alikwisha kuzikwa zamani. Sinema ya kale, basi, ni kama alama ya kisu katika mwimo wa mlango, ambayo mzazi alimpimia mtoto kimo. Alama haisogei. Aliyesogea ni yule anayerudi kusimama kando yake.

Alama yangu mimi ilikatwa mwaka 1983. Nilikuwa mwanafunzi wa miaka 22, na mmoja wa walimu wetu aliazima mikanda ya filamu na mashine ya kuonyeshea, akatukusanya jioni katika ukumbi wa mihadhara mbele ya shuka jeupe. Tulitarajia kuona mapigano ya panga za Kijapani. Badala yake tukaonyeshwa sinema ya Yasujiro Ozu iitwayo Hadithi ya Tokyo, ya mwaka 1953, ambayo ndani yake hakuna hata kofi moja. Nusu ya wenzangu waliondoka kabla ya mwisho.

Kisa chake ni chepesi. Mzee Shukichi na mkewe Tomi wanaishi Onomichi, mji wa bandari ulio mbali na jiji kuu. Wanasafiri kwenda Tokyo kuwatembelea watoto wao waliokwisha kujitegemea. Mwana wa kwanza ni daktari wa watoto. Siku aliyopanga kuwatembeza wazazi anaitwa kwa mgonjwa, na safari inavunjika. Binti mkubwa ana saluni ya kutengeneza nywele, naye anawaona wazee kama mzigo. Ndugu hao wawili wanachanga fedha, wanawapeleka wazazi wao katika hoteli ya ufukweni huko Atami, ambako kelele za usiku zinawanyima usingizi. Mtu pekee anayewapokea kwa moyo mkunjufu ni Noriko, mke wa mwana wao aliyekufa vitani, ambaye hana damu yao hata tone. Katika safari ya kurudi Tomi anaugua, na baada ya siku chache anafariki. Watoto wanakuja, wanalia, wanagawana kumbukumbu, wanaondoka. Mzee anabaki peke yake chumbani akijipepea.

Usiku ule nilikasirika kwelikweli. Nilimlaani daktari, nikamlaani zaidi yule binti wa saluni. Niliuona utulivu wa mzee kuwa ni udhaifu: kwa nini hakuwakemea? Kwa nini alikaa pale akijipepea kama mtu aliyekwisha kushindwa? Nilitoka ukumbini nikiwa na hakika mbili. Ya kwanza, kwamba uzee ni huzuni tupu. Ya pili, kwamba mimi kamwe sitakuwa mwana wa namna ile.

Hapana budi sasa niseme jambo ambalo sikuwahi kuliandika. Mwaka 1991, nilipokuwa mwalimu wa sekondari mjini Kampala, baba yangu alikuja kutoka kwetu Fort Portal, mwendo wa kilomita zipatazo 300. Alishuka basini jioni akiwa na mkungu wa ndizi na mfuko wa unga wa ulezi. Alikuwa amekusudia kukaa wiki mbili. Mimi nilikuwa na marundo ya karatasi za mitihani ya kusahihisha, na nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili. Siku ya tano nilimpa nauli na fedha kidogo za matumizi, nikamwambia, "Baba, nikimaliza kazi hii nitakuja mwenyewe nyumbani, nikae nawe wiki nzima." Akanijibu, "Kazi ni kazi, mwanangu." Nilimsindikiza mpaka kituoni, nikarudi kusahihisha. Mwezi wa Machi mwaka uliofuata nililetewa habari za msiba.

Ndugu msomaji ataona mara moja aibu ya jambo hili. Haikuwa kwamba sikujua. Nilikuwa nimekwisha kuonyeshwa, tena kwa muda wa saa mbili na zaidi, jinsi mzazi anavyofukuzwa kwa upole. Nilikuwa nimetokwa na machozi kwa ajili ya wazee wa Kijapani wasionihusu. Kisha nikatenda vile vile, neno kwa neno, na wala sinema ile haikunijia akilini hata kidogo. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba sanaa njema hutufanya wema, na sisi walimu tumo miongoni mwao, wasiseme kwa haraka. Sanaa hutuonyesha, kutenda ni kazi nyingine. Mtu aweza kulia mbele ya picha na kubaki mkavu mbele ya baba yake mwenyewe, kwa sababu baba hakuja na muziki wala giza la ukumbi; amekuja na mkungu wa ndizi wakati wa mitihani.

Nilipostaafu nikiwa na miaka 60, kama kanuni za utumishi wa serikali zinavyotaka, nilipata nafasi ya kuitafuta tena sinema ile. Safari hii sikuhitaji mashine wala shuka. Mjukuu wangu aliniwekea katika kompyuta yake, akaketi nami. Kijana huyu amezoea sinema za vibandani, ambako mfasiri husimama na kipaza sauti na kuyageuza maneno yote kwa Kiluganda, huku akichangamsha watu kwa mizaha. Aliniuliza, "Babu, mfasiri yuko wapi?" Nikamwambia kwamba safari hii itambidi asome maandishi yaliyo chini ya picha, na penye kunyamaza anyamaze.

Nilistaajabu. Mtu niliyemwona mnyonge mwaka 1983 hakuwako tena. Kwanza niliona jambo ambalo kijana wa miaka 22 hakuweza kuliona, kwamba kamera ya Ozu imewekwa chini, karibu na usawa wa macho ya mtu aliyeketi mkekani. Sisi tuliolelewa mikekani twajua maana yake: aliyeketi hivyo hana haraka, wala hamtazami mwenzake kutoka juu. Pili, niligundua kwamba hasira yangu juu ya watoto wale ilikuwa imepungua. Daktari hakuitwa kwenye ulevi, aliitwa kwa mtoto mgonjwa. Nilimfahamu, maana nami nilikuwa na karatasi zangu. Lakini kumfahamu mtu si kumpa haki, na hapa ndipo umri unapotutega. Kijana huhukumu bila ya kufahamu. Mzee huweza kufahamu hata akaacha kuhukumu, na kwanza kabisa akaacha kujihukumu mwenyewe.

Tatu, nilimtazama Shukichi baada ya mazishi. Mkewe amekwisha kuzikwa, watoto wakubwa wamekwisha kupanda gari moshi. Anamwita Noriko, anamshukuru, anampa saa ya marehemu mkewe, na kumsihi amsahau mwana wake aliyekufa, aolewe tena, asije akapoteza maisha yake kwa kuwahurumia wao. Noriko anajibu kwa kukiri kwamba yeye si mwema kama wanavyomdhani, kwamba zipo siku nyingi ambazo hamkumbuki mumewe kabisa. Mzee anaona hata hilo ni uaminifu. Jambo hili lilinipita mara ya kwanza. Mtu aliyekata tamaa hawezi kufanya hivi. Aliyekata tamaa hushikilia; angemtaka Noriko abaki karibu ili upweke wake upungue. Huyu, katika siku iliyo chungu kuliko zote, anamfungulia mwenzake mlango. Hapo nikapata kipimo nilichokuwa nikikitafuta: mzee aliyekata tamaa na mzee aliyeridhika wote wawili hukaa kimya wakijipepea, lakini macho ya wa kwanza yamegeukia ndani, na macho ya wa pili yangali yanawatazama wengine.

Kipimo kikipatikana lazima kijaribiwe. Nimekijaribu kwa sinema nyingine tatu za miaka ile ile.

Ya kwanza ni Ikiru ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1952. Jina lake maana yake ni kuishi. Bwana Watanabe ni mkuu wa idara katika ofisi za jiji, ambaye kwa muda wa miaka ipatayo 30 amegonga mihuri bila ya kutenda kitu. Anagundua kwamba ana saratani ya tumbo na siku zake zimehesabiwa. Jambo la kwanza analolifanya ni kutafuta raha: usiku mmoja anazungushwa katika vilabu, anakunywa, ananunua kofia mpya. Raha haimsaidii. Kisha anaandamana na msichana aliyewahi kuwa karani wake, akitaka kujifunza siri ya uchangamfu wake. Msichana hana siri yoyote. Anatengeneza sungura wa kuchezea kiwandani, naye anahisi kama kwamba anacheza na kila mtoto wa nchi ile. Hapo Watanabe anakumbuka ombi la kina mama waliotaka dimbwi la maji machafu lifukiwe, pawe na uwanja wa watoto. Ombi hilo lilizungushwa ofisi hadi ofisi, pamoja na ofisi yake mwenyewe. Anarudi kazini, na kwa miezi iliyobaki anainama mbele ya kila mkuu, anavumilia matusi na vitisho, hadi uwanja unajengwa. Anakufa usiku wa theluji akiwa katika bembea ya uwanja ule, akiimba.

Kurosawa alikuwa na miaka 42 alipoitengeneza kazi hii, na hakutupa mwisho mtamu. Katika matanga wakubwa wanajigawia sifa. Makarani wanalewa na kuapa kwamba watamwiga marehemu. Kesho yake wanarudi kwenye mihuri yao. Dunia haikubadilika ila mahali padogo tu, penye bembea. Lakini kwa kipimo chetu jawabu liko wazi. Watanabe alikuwa amekata tamaa katika miaka ile 30 ya afya, wala si katika miezi ya mwisho. Furaha yake ilianza siku alipoacha kujiuliza atapata nini.

Ya pili ni ya Ingmar Bergman wa Sweden, iliyotoka mwaka 1957, nayo huitwa kwa jina la matunda madogo ya porini yaotayo wakati wa kiangazi. Profesa Isak Borg, mwenye miaka 78, anasafiri kwa gari kutoka Stockholm hadi Lund kwenda kutunukiwa heshima ya miaka 50 ya udaktari wake. Victor Sjöström aliyemwigiza alikuwa na umri uo huo, naye mwenyewe alikuwa mmoja wa wakuu wa sinema za zamani zisizo na sauti. Njiani Borg anaota, na ndoto moja yapasa kutazamwa na kila mwalimu. Anajikuta mbele ya mtahini. Anaambiwa atazame katika darubini, asione kitu ila jicho lake mwenyewe. Anaambiwa asome maneno ya ubaoni, hawezi. Anaulizwa wajibu wa kwanza wa daktari ni nini, amesahau. Mtahini anamkumbusha: wajibu wa kwanza wa daktari ni kuomba msamaha.

Nimesahihisha mitihani kwa miaka mingi, na sijapata kuona swali zito kuliko hilo. Borg si mwovu. Ni msomi, ni mtu wa nidhamu. Lakini alijenga nidhamu hiyo kama ua, na watu wote wakabaki nje. Yeye pia angeweza kusema ameridhika. Kumbe alikuwa amekinai, kwa ile maana ya pili. Baada ya sherehe anajaribu kwa unyonge kurekebisha mambo. Anamwomba radhi Agda, mtumishi wake wa miaka mingi, kwa maneno ya asubuhi. Mama huyo anashangaa, anamwuliza kama anaumwa. Anamwomba wacheze na heshima kidogo, waitane kwa nafsi ya ndugu na rafiki badala ya nafsi ya adabu, anakataa. Tunacheka, lakini usiku ule mzee analala kwa amani. Hakupewa yote aliyoyaomba. Amani imemjia kwa kuwa ameomba.

Ya tatu yatuzuia tusipotee. Ni Umberto D. ya Vittorio De Sica wa Italia, ya mwaka 1952. Aliyeigiza ndani yake kama mzee mstaafu hakuwa mwigizaji. Alikuwa Carlo Battisti, profesa wa isimu katika Chuo Kikuu cha Florence, na sisi watu wa lugha tuna haki ya kujivunia jambo hilo. Umberto alikuwa mtumishi wa serikali. Pensheni yake haitoshi kodi ya chumba, na mwenye nyumba anataka kumtoa. Tunamwona akinyosha mkono kuomba barabarani. Mpita njia anapokaribia kutia fedha, anaugeuza mkono upesi, kana kwamba alikuwa akitazama kama mvua inanyesha. Mwishowe anakwenda kwenye njia ya gari moshi na mbwa wake Flike, ili wafe pamoja. Mbwa anaponyoka na kukimbia kwa hofu, na treni inapita. Umberto anamfuata, anambembeleza kwa tunda la msonobari, hata wanacheza tena pamoja. Kesho atalala wapi? Sinema haisemi.

Naileta sinema hii kwa sababu somo la kuridhika ni rahisi kutumiwa vibaya. Mwenye kushiba humhubiria mwenye njaa kukinai. Tunawajua walimu wenzetu waliofundisha vizazi viwili, nao leo wanapanga foleni kutafuta mafao yao, faili zao zikizungushwa kama lile ombi la kina mama wa Watanabe. Kumwambia mtu huyo kwamba furaha iko moyoni ni dhuluma. Uzee mwema hauhitaji mali, lakini unahitaji mkate, dawa, paa na heshima, na vitu hivyo ni deni la jamii wala si sadaka. Hata hivyo, tazama kipimo chetu kinavyosimama hata hapo. Umberto, akiwa ukingoni kabisa mwa maisha, kabla ya kufikiria kumchukua mbwa wake katika kifo alihangaika kumtafutia makao. Kilichomrudisha katika uhai si hoja ya kifalsafa. Ni kiumbe kidogo kilichokuwa kikimtegemea.

Pengine msomaji atauliza: ikiwa kuridhika ni kulikubali fungu lako, je, mzee aliyeridhika hatakuwa kibaraka wa kila uonevu? Jibu langu ni Ousmane Sembène wa Senegal. Mtu huyu alikuwa kuli wa bandarini Marseille, kisha mwandishi wa riwaya; akatambua kwamba watu wake wengi hawakuweza kumsoma, akaenda Moscow kujifunza kutengeneza filamu alipokuwa anakaribia miaka 40, umri ambao wengi wetu husema tumechelewa kujifunza. Mwaka 1968 alitoa Mandabi katika lugha ya Kiwolof. Sinema kwake ilikuwa shule ya jioni. Na mwaka 2004, akiwa na miaka 81, alitoa Moolaadé, kisa cha mwanamke anayewapa hifadhi wasichana wanaokimbia kutahiriwa. Alifariki mwaka 2007. Huyo ndiye mfano wa jambo ninalotaka kulisema. Mtu aweza kuridhika na fungu lake mwenyewe, huku akikataa kabisa kuridhika na dhuluma wanayotendewa wenzake. Aliyekata tamaa hayawezi yote mawili: fungu lake analinung'unikia, na la mwenzake halimhusu.

Kwa hiyo naweza sasa kulijibu swali la mwanzo, angalau kwa kadiri ya uwezo wangu. Furaha ya ujana, ile ya kutazama mbele na kuhesabu yajayo, kweli ni moshi, na sitajidanganya kwamba haikupungua. Miguu yangu inauma, rafiki zangu wanapungua, na yako majina ambayo huyatafuta kwa nusu siku. Lakini iko furaha nyingine ambayo kijana wa mwaka 1983 hakuwa na mahali pa kuiweka. Ni furaha ya kumtazama mtu mwingine bila ya kumdai kitu. Umri hautupi furaha hiyo. Hutupa nafasi tu, kwa kutupunguzia shughuli na tamaa. Anayeitumia nafasi hiyo kujihurumia atazeeka. Anayeitumia kuwatazama wengine atakuwa mtu mzima, kwa ile maana ya chungu kisichovunjika, au tuseme kilichovunjika na kuungwa.

Na baba yangu? Hilo deni halilipiki. Maji yakimwagika hayazoleki, na wafu hawapokei radhi zetu. Mimi sikuwa na Agda wa kumwomba msamaha asubuhi. Lakini sinema ilipokwisha, mjukuu wangu, aliyekuwa ametulia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, aliniuliza, "Babu, mbona huyo mzee hawagombezi watoto wake?" Nilikuwa na jibu la kitaalamu tayari, juu ya Ozu na mila za Kijapani. Sikulitoa. Badala yake nilimsimulia juu ya basi la Fort Portal, mkungu wa ndizi, na zile siku tano zilizopaswa kuwa wiki mbili. Alikuwa hajawahi kulisikia jambo hilo. Hata mama yake sikuwahi kumsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama ninayo picha ya babu yake mkuu. Ninayo moja. Niliitoa sandukuni, tukaitazama pamoja.

Walimu wenzangu, sina hakika kama kijana yule atakumbuka lolote siku nitakapomtembelea nyumbani kwake wakati ana kazi nyingi. Mimi mwenyewe nilionyeshwa, nami nikasahau. Wala sitamlaumu, nimekwisha kujiandaa kusema kwamba kazi ni kazi, na kupanda basi bila ya kinyongo. Lakini kama ningeulizwa leo swali la yule mtahini wa ndotoni, ningejibu kwamba wajibu wa kwanza wa mwalimu, na wa kila mtu mzima, ni kukiri mbele ya walio wadogo pale alipokosea, kabla ya kuwafundisha neno jingine lolote. Nimechelewa kulijua jibu hilo. Hata hivyo, kuishi kwingi ni kuona mengi, na nashukuru kwamba nimeishi hata nikaliona.